Aliyejibiwa Yuko

Nilifundishwa kupika chai na mwanamke ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni tu. Hiyo ni zamani, meno yangu yote yakiwa bado yapo, nilipofanya kazi Muthangari kwa Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, mwenye karakana ya mbao mjini. Mwanamke mwenyewe alikuwa mama yake, bibi mfupi wa nywele nyeupe, tukimwita Biji sote. Tangawizi aliitaka ipondwe. Maziwa hayaingii mpaka majani yapande mara ya pili. Nikikosea hanitukani, anamwaga tu sufuria nzima kwenye mtaro, mbele yangu, halafu ananionyesha kwa kidole nianze upya. Mimi niliyetoka nyumba ambayo maziwa ni ya mgeni na mgonjwa, nilikuwa naona kama anamwaga ng'ombe.

Kitu kimoja alinifundisha ambacho hakijanitoka. Kikombe kikirudi jikoni kimejaa, alisema, "Wewe hapana kasirika. Kwenda ona mutu." Maana yake mtu aliyeacha chai ya Biji ana jambo. Ni mgonjwa, au amepata habari mbaya. Nenda ukamtazame.

Utaniuliza huyo Biji anaingiaje katika mambo ya polisi. Anaingia. Nisingefundishwa kuangalia vikombe, ningempita yule mtu na sinia langu kama walivyompita wengine, na leo nisingekuwa na la kukuambia. Na haya niliyaona mwenyewe, sikuhadithiwa. Shule niliiacha kabla hatujafika hesabu za kugawanya, kwa hivyo akili ya kutunga vitu vikubwa sina. Waliokuwepo bado wako hai, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye ninayetaka kukueleza.

Uzeeni nilipata kibarua cha chai katika jumba la polisi hapa mjini, ghorofa ya juu, wanakopokea simu za dharura. Ukipiga ile namba kwamba kuna mtu anatembea juu ya paa lako, simu inalia pale. Ni ukumbi mrefu wenye meza, na kila meza ina upande wake wa mji. Askari amevaa hedifoni, anakuuliza uko wapi, huku anaita kwa redio gari la doria lililo karibu nawe. Mimi nilidhani hiyo ni kazi ya kuongea. Nilipokaa nikaona ni kazi ya viti. Nani yuko kwa kiti, nani hayuko. Mengine yote yanafuata hapo.

Aliyepanga viti alikuwa Inspekta Nyokabi, mama wa makamo, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Huyu yuko likizo ya uzazi, huyu ameitwa kozi, huyu amepewa uhamisho na nafasi yake haijajazwa, na mvua ikinyesha Ijumaa ya mwisho wa mwezi, Nairobi nzima inagongana na kuibiana kwa wakati mmoja. Kompyuta alikuwa nayo, lakini aliniomba vifuniko vya soda kutoka jikoni. Alivitandaza mezani, kila kifuniko mtu, akavisukuma kwa kidole kama mcheza drafti. Nikimletea chai ananiambia, "Mzee, usipumue karibu, utanihamishia askari."

Meza iliyomsumbua ilikuwa ya magharibi. Inashika Westlands mpaka Kitisuru, inarudi Lavington na Muthangari, inateremka Kangemi, inaishia Riruta na Satellite. Wenye nyumba za ua wa umeme na wapangaji wa chumba kimoja, wote wanalilia meza moja. Ilihitaji watu wawili. Zamu ya jioni walikuwa Atieno na Wekesa. Atieno alikuwa konstebo msichana, mdomo mwingi, roho nzuri. Wekesa alikuwa konstebo mrefu, mtu wa Bungoma, aliyepanga nyumba Satellite na mke wake na mtoto wao Sifa. Chai yangu alikunywa vikombe viwili, tena aliomba utando wa maziwa uwekwe kwake. Kuna watu wanautupa. Sijawahi kuwaelewa.

Sasa sikiliza vizuri desturi yao, kwa sababu kila kitu kimetoka hapo. Zamu zinabadilishana saa kumi na mbili jioni. Wanaoingia wanasimama mstari, Inspekta Nyokabi, tuliyemwita Madam, anaita majina, kila mtu anaitika. Wale wa mchana hawaruhusiwi kuinuka kwenye viti mpaka kila jina lijibiwe. Na aliyejibiwa anahesabika yuko kazini, mpaka siku atakapoitwa na ikasemwa hayuko. Lakini unajua foleni za magari za Nairobi. Mtu amekwama njiani, wenzake wa mchana wanataka kwenda nyumbani, watafanyaje? Rafiki yake anamjibia. Jina likitajwa, rafiki anasema, "Yuko." Madam anajua, anaachilia, kwa sababu aliyekwama hufika tu, anahema, anaomba msamaha, anavaa hedifoni.

Jioni moja ya mvua kubwa Madam aliita, "Wekesa."

"Yuko, Madam," Atieno akasema. "Yuko kwa ngazi."

Hakuwa kwa ngazi. Alikuwa amelala kando ya barabara pale Kangemi, amegongwa na lori ambalo halikusimama. Na simu ya mpita njia kwamba kuna mtu amegongwa Kangemi ililia kwenye meza ya magharibi, akaipokea Atieno mwenyewe. Akatuma gari. Akauliza mtu amevaa nini, akaambiwa koti la mvua la bluu, na hata hapo hakujua. Kumbe alikuwa ameshamjibia.

Tulimzika kwao. Mimi pia nilienda, nikashika koleo kama wengine, kwa hivyo usiniambie labda hakufa.

Tuliporudi, jina likaendelea kuitwa. Ukifikiri ni wizi umekosea. Mshahara ulikuwa umesimama, hakuna aliyekula kitu. Ilikuwa ni kiti. Wakubwa wakikuta kiti kitupu hawaleti mtu, wanaondoa kiti. Madam alikuwa ameahidiwa askari mpya wakimaliza mafunzo, na alitaka wakifika wakute mahali pa kukaa. Kwa hivyo kila jioni alisoma, "Wekesa," na Atieno akasema, "Yuko." Polepole, akiangalia viatu vyake. Na kifuniko chake cha soda, kilichokuwa kimepinda kidogo, kikabaki mezani pamoja na vya wenzake.

Nami nilimimina chai kulingana na majina yaliyojibiwa. Mkono ulishazoea. Kikombe cha Wekesa alikinywa Atieno, juu ya chake.

Halafu kikaanza kurudi kimejaa.

Siku ya kwanza nikasema Atieno ameshiba. Siku ya pili pia. Kilirudi na utando juu, haujaguswa, na baridi yake haikuwa ya kikombe kilichokaa mezani, ilikuwa ya maji ya mtoni asubuhi. Nikamuuliza, "Siku hizi hiki cha pili kimekushinda?"

"Si changu, Mzee. Kiko upande wake."

"Upande wa nani?"

Akakunja uso kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. "Wacha nifanye kazi, Mzee, simu inalia."

Ndipo nikamkumbuka Biji. Enda ukamwone mtu. Jioni iliyofuata sikuweka kikombe na kupita. Nilisimama pale kwa meza ya magharibi, nikatazama. Niamini, ukitazama ni tofauti na ukipita. Kwenye kiti cha Wekesa alikuwa ameketi Wekesa. Koti la bluu lilikuwa linadondosha maji, na chini ya kiti palikuwa pameloa. Alikuwa anaongea na simu: "Bibi, kaa mbali na dirisha. Wamefika kwa geti lako sasa, utaona taa."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa nimebeba sinia lenye vikombe vya watu.

Alimaliza simu yake, akanigeukia. Alikuwa mtu aliyechoka tu. "Mzee wa chai," alisema. "Wewe umeniona."

Nikamuuliza, "Kijana, si tulikuzika?"

"Mlinizika. Asante kwa kuja, ni mbali." Akakitazama kikombe bila kukigusa. "Nilikuwa nimelala pale barabarani, Mzee, nikasikia naitwa jina. Nikasikia nimejibiwa. Sasa ningeenda wapi? Mtu akiwa kazini hawezi kwenda nyumbani."

"Kwa nini usiondoke tu?"

"Kila jioni wanasema niko. Mimi siwezi kujibu hapo, wanajibu walio hai. Waambie waseme sipo. Nimechoka, Mzee. Sijatoka zamu tangu ile mvua."

Simu ikalia, akaishika. Mimi nikaendelea na vikombe. Usiku nyumbani nilivunja sahani.

Nilimwendea Madam kesho yake. Nilidhani atacheka, au ataniambia nikapumzike. Aliendelea kusukuma vifuniko.

"Najua," alisema. "Simu zinapokelewa, Mzee. Atieno ni mmoja na zinapokelewa kama za wawili. Wanawake wa Kitisuru wanapiga kumshukuru yule askari mwenye mafua." Alikuwa na mafua kweli, kwa ile mvua. "Unafikiri sijajiuliza?"

"Anasema amechoka, Madam."

"Kwani anataka likizo?" Kisha akaona aibu, akashika paji la uso. "Mzee wangu, niambie. Nikisema hayuko, kiti kinaenda. Kiti kikienda, Atieno atakuwa peke yake. Akiwa na simu ya Lavington, ya Satellite inalia. Wewe ndiye utaenda kumwambia mwenye kulia kwamba tulikuwa tunampumzisha marehemu?"

Swali hilo natembea nalo mpaka leo. Alisema tungoje hao askari wapya. Tukangoja. Tarehe yao ya kuja ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena. Mvua za masika ziliisha, na Wekesa bado anadondosha maji. Nilikuwa napanguza chini ya kiti kile kila siku, nikimwambia pole, naye anasema asante. Sauti yake ilianza kuwa kama redio inayoishiwa na betri. Alikuwa akiyasema maneno ya kazi tu, taja mahali ulipo, kaa hapo, wanakuja. Mzaha wote wa Bungoma ulikuwa umemwisha.

Halafu ikaingia simu ya Satellite.

Mwenye simu ndiye alinieleza baadaye, na Atieno alisikia upande wa pili, kwa hivyo hii nayo si ya kubuni. Mama Sifa, mjane wake, alikuwa ndani na mtoto, na mtu alikuwa anakata kufuli ya geti. Jua lilikuwa ndiyo tu linazama. Akapiga namba. Sauti ikamwambia, "Mama, jifungie chumbani, sukuma meza mlangoni. Gari liko karibu."

Mama Sifa akaijua ile sauti. Akasema, "Baba Sifa?"

Sauti ikajibu, "Mama, taja mahali ulipo."

"Unajua mahali nilipo," akamwambia.

Atieno anasema Wekesa alifunga macho, akarudia yale yale, taja mahali ulipo, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kutoka nje. Gari lilifika, mwizi akatoroka, kufuli ikabadilishwa. Lakini Mama Sifa hakulala.

Kesho yake alasiri alikuwa getini kwetu na mwavuli mweusi. Askari wa geti akamuuliza anamtafuta nani. Akasema, "Namngoja mume wangu atoke zamu." Wakamweleza taratibu kwamba alifariki. Akasema anajua, yeye ndiye aliyemfunga tai kabla ya jeneza kufungwa. Lakini amemsikia kazini, na aliye kazini hutoka. Akaketi kwenye jiwe. Akaja na siku iliyofuata, na nyingine. Nilimpelekea chai. Alikunywa yote, nikafurahi kidogo.

"Baba," aliniuliza, "zamu yao inatoka saa ngapi siku hizi? Sifa analala kwa jirani, na jirani ameanza kunung'unika."

Ningemwambia nini? Nilimwambia Madam. Nilimwita dirishani, nikamwonyesha ule mwavuli chini. Hakuuliza ni nani. Alisimama pale mpaka chai yake ikaweka utando. Kisha akarudi mezani, akaokota kile kifuniko kilichopinda, akakishika mkononi.

"Mwite Atieno," alisema.

Waliongea mlango ukiwa wazi. Madam alimwambia, "Wewe ndiye ulimjibia mara ya kwanza. Sitakulazimisha. Ukisema hayuko, kuanzia kesho ile meza ni yako peke yako, na sijui ni mpaka lini."

Atieno akasema, "Kila siku nakaa karibu naye, Madam. Ananiambia pole nikikohoa. Yeye ananiambia mimi pole." Akafuta pua. "Sawa. Lakini nipewe redio ambayo haikwami."

Kabla sijakueleza alivyoondoka, acha nikueleze yaliyobaki, kwa maana nikishafika pale sitakuwa na la kuongeza.

Kiti kilichukuliwa. Watu wawili walikuja na toroli, wakakibeba pamoja na meza ndogo na hedifoni yake, na sakafu pale ikabaki na doa ambalo hakuna sabuni iliyolitoa. Atieno yuko peke yake hadi leo. Ukiwa Kangemi au Kitisuru ukapiga simu ikalia sana kabla ya kupokelewa, usimtukane akishika. Alikuwa na simu ya mwenzako. Madam anatembea na kile kifuniko kwenye mfuko wa sare, nimemwona akikigusa anapopanga zamu. Mama Sifa hakurudi getini. Nami nimeacha ile kazi, miguu imekataa ngazi, lakini nikienda hotelini nikaona mtu ameacha kikombe kimejaa, siwezi kuondoka bila kumtazama usoni. Wengine wananigombeza.

Na wewe, kama unafanya kazi mahali panapoitwa majina, au unasoma, au uko kwenye kwaya, usimjibie mtu asiyekuwepo. Hata awe rafiki yako, hata foleni iwe mbaya namna gani. Acha jina lipite kimya. Hujui wakati huo yuko wapi, wala ni nini kinamwita upande mwingine. Ukisema yuko, umemshika.

Sasa, jioni ile. Haikunyesha. Mstari ulisimama, na mimi nilitoka jikoni na kitambaa begani, sikuwa na ruhusa na hakuna aliyenifukuza. Yeye alikuwa tayari kwa kiti chake, na nadhani siku ile walimwona wote, kwa sababu hakuna aliyekuwa anatazama upande ule. Madam aliita majina. Niko. Niko. Niko. Akafika.

"Wekesa."

Simu za mchana zilikuwa zinalia, sauti za watu zikisema wanakuja, wanakuja.

"Wekesa," Madam akarudia.

"Hayuko, Madam," akasema Atieno. Sauti ilikatika, akaianza upya ili isikike vizuri. "Hayuko. Alifariki."

"Hayuko," akasema Madam, akaita jina linalofuata.

Wekesa alivua hedifoni. Alikunja waya wake mkunjo juu ya mkunjo, vizuri, kama alivyozoea kumwachia mwenzake. Akavuta kikombe nilichomwekea, akakiinamia, na nikaona utando umesogea. Sisemi alikunywa. Umesogea. Kisha akainuka, akafunga vifungo vya koti, na lile koti lilikuwa kavu.

Nilikimbilia dirisha la jikoni. Alitokea chini kwenye mlango mkubwa katikati ya makarani waliokuwa wanafunga ofisi. Alipita getini. Pale kwenye jiwe alipunguza mwendo, mkono ukagusa ule mwavuli, au uliupita karibu. Mama Sifa aliinua kichwa kama mtu aliyenusa chakula cha kwao. Akatazama huku, akatazama kule. Halafu akaukunja mwavuli, akasimama, akaelekea kituoni kupanda gari la Satellite kabla jirani hajamfungia mtoto nje.

Wekesa alishika njia nyingine, ya kushuka kule reli iliko, kwa mguu, mikono mfukoni, bila haraka, akichanganyika na watu waliotoka kazini. Hakugeuka nyuma. Wala hakurudi tena.